Karanga ya Lita Nane

Kaa kijiweni pa bodaboda muda wa kutosha na utaliona hili. Pikipiki imezima, mafuta yameisha, na sheli iko mbali. Dereva hahangaiki kusukuma. Anashuka, anailaza pikipiki upande wa kushoto mpaka kanyagio linakaribia kugusa lami, anasubiri kidogo, anaiinua na kupiga kiki. Injini inawaka. Abiria aliyekwishaanza kutafuta pikipiki nyingine anarudi kupanda huku akicheka.

Siri iko tumboni mwa tangi. Ukilitazama kwa juu, tangi la pikipiki linaonekana kama debe lililopendezeshwa. Lifungue, ulipindue, na utaona kwamba katikati limepitiwa na mfereji mrefu, na kila upande wa mfereji unaning'inia mfuko wake. Limeukalia mwamba wa fremu kama shogi mgongoni mwa punda. Mafuta yakiwa mengi hujaa juu ya mfereji na kuwa ziwa moja. Yakipungua yanagawanyika, haya kushoto na yale kulia. Koki, kwenye pikipiki nyingi, iko upande mmoja tu, mara nyingi wa kushoto. Yaliyobaki kulia hayana njia, mpaka mtu aje kuilaza pikipiki ili yavuke mfereji.

Dereva wa bodaboda hakulichagua tangi lake, alilikuta limeshafungwa kutoka kiwandani. Lakini wako watu duniani wanaotumia miezi kuchagua tangi, maana wanaunda pikipiki zao upya, kipande kwa kipande. Wengi wao hukosea palepale: wanalichagua kwa mgongo wake, kumbe litawahukumu kwa tumbo.

Zawadi ya vita

Tangi maarufu kuliko yote katika ufundi huo lina jina la kitafunio. Baada ya Vita Kuu ya Pili, michoro ya pikipiki ndogo ya Kijerumani, DKW RT 125, ilichukuliwa na mataifa yaliyoshinda kama sehemu ya fidia. Kutokana nayo Harley-Davidson ya Milwaukee, Marekani, ilitoa pikipiki yake nyepesi ya mwaka 1948, yenye injini ya sentimita za ujazo 125. Tangi lake lilikuwa dogo, la mviringo, lenye kupungua kuelekea kwenye kiti. Wamarekani wakaliona kama karanga, na jina likaganda.

Mwaka 1958 kampuni hiyo ililipandisha tangi la umbo hilo juu ya Sportster XLCH, mashine ya sentimita za ujazo 883 iliyokusudiwa vijana wenye haraka. Ilikuwa kama kumvisha mtu mzima kofia ya mtoto, na hapo ndipo uzuri ulipojitokeza. Tangi dogo liliiacha injini yote wazi, ikaonekana kubwa na yenye hasira. Lakini karanga hiyo ilibeba takriban lita 8 na nusu tu. Injini ya namna hiyo ikinywa lita 5 kwa kilomita 100, safari haizidi kilomita 170. Nusu ya raha ya kumiliki Sportster ikawa kujua sheli zote za mkoa.

Wakati huohuo, mafundi wa California walikuwa wakiondoa kila kisichohitajika kwenye pikipiki zao, wakirefusha uma wa mbele na kuinua shingo ya fremu. Mashine hizo zikaitwa chopa, kutokana na neno la Kiingereza la kukatakata. Juu yake waliweka tangi lolote dogo walilolipata. Wengine walichukua karanga. Wengine walinyofoa matangi ya Mustang, pikipiki fupi zilizotengenezwa Glendale, California, mpaka katikati ya miaka ya 1960. Leo wanaolijua tangi hilo ni wengi kuliko wanaoikumbuka pikipiki yenyewe. Wengine wakaunda matangi yenye kingo kali, yaliyobatizwa jeneza. Na San Francisco wakapenda kulipandisha tangi juu kabisa, mwamba wa fremu ukaonekana chini yake.

Mwaka 1969 filamu ya Easy Rider ililipeleka tangi la chopa duniani kote, likiwa limepakwa rangi za bendera ya Marekani. Waliozijenga pikipiki za filamu ile walikuwemo Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wa Los Angeles, ambao sifa yao ilichelewa kwa miongo kadhaa. Katika hadithi, fedha za biashara haramu zinasokomezwa ndani ya tangi kabla ya safari ndefu. Mtazamaji anayejua pikipiki hujiuliza kimya kimya: na petroli je, ilibakiwa na nafasi gani?

Mteremko na pumzi

Kwa pikipiki yenye kabureta, petroli haisukumwi na kitu chochote. Inashuka kwa uzito wake. Kina cha sentimita 10 za petroli hutoa mgandamizo usiofika hata asilimia 1 ya ule wa hewa inayotuzunguka, na huo mdogo ndio unaoilisha injini. Kwa hiyo koki lazima iwe juu kuliko kabureta, na mpira wa mafuta uteremke bila kupanda njiani. Ukijipinda ukapanda kidogo, kiputo cha hewa hukaa hapo na kuzuia njia.

Sasa fikiria chopa iliyoinuliwa shingo. Tangi limelala kwa nyuma, pua juu. Kama koki imechomelewa karibu na pua, mafuta yote yaliyo nyuma yake ni ya kutazama tu. Muuzaji ameandika lita 9, wewe unaweza kutumia 6. Namba aliyoiandika si ya uongo. Ilipimwa tangi likiwa limekaa sawasawa mezani.

Kisha kuna pumzi. Chukua kopo la maziwa ulitoboe tundu moja, uliinamishe. Yatatoka matone machache, kisha basi. Toboa la pili, maziwa yanamiminika. Tangi nalo lina tundu la pili, dogo mno, kwa kawaida kwenye kifuniko. Likizibwa na vumbi, na rangi, au na nailoni uliyofunika ili mvua isiingie, pikipiki itakwenda kilomita kadhaa vizuri kisha itakata. Ukifungua kifuniko utasikia hewa ikivutwa ndani, na injini itapona. Watu wamebadili plagi na kusafisha kabureta mara tatu kwa ugonjwa huu. Ukinunua tangi jipya na kifuniko cha kupendeza, hakikisha kifuniko hicho kinapumua.

Pikipiki za injekta ni hadithi nyingine. Ndani ya matangi yake mara nyingi kuna pampu ya umeme, na mafuta huenda kwa mgandamizo wa mara 3 hadi 4 ya ule wa hewa. Karanga ya kale haina mlango wa pampu hiyo. Anayetaka kuivalisha pikipiki ya injekta tangi la kabureta anajiandaa kukata, kuchomelea na kulipa.

Chuma, alumini, na utomvu

Matangi mengi hutengenezwa kwa bati la chuma: rahisi kukunjwa, rahisi kuchomelewa, na adui yake ni mmoja. Petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya maji, hivyo unyevu wowote unaoingia au kuganda ukutani mwa tangi lililoachwa nusu hushuka chini na kutulia kwenye mshono. Kutu huanzia hapo, pasipoonekana. Tangi la zamani lipige tochi ndani kabla ya kulisifia rangi. Na kama ndani limepakwa utando wa kuzuia kutu, uchunguze: ukishaanza kubanduka, magamba yake huziba koki vibaya kuliko kutu yenyewe.

Alumini ni nyepesi na haiingii kutu hiyo nyekundu, ndiyo maana iling'ara kwenye pikipiki za mbio za Uingereza. Lakini huchoka kwa mtikisiko. Injini ya silinda mbili hutetemesha kila kilichofungwa juu yake, na tangi lililobanwa chuma kwa chuma litapasuka masikioni, pale linaposhikiliwa na bolti. Hata la bati hupasuka. Dawa ni raba nene katika kila sehemu ya kushikia, na bolti zisizokazwa hadi raba ikapoteza mnyumbuliko wake.

Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa kiwandani. Hufinyangwa umbo lolote, na zamani ilipendwa sana. Kisha petroli ikaanza kuchanganywa na ethanoli, ambayo hulainisha utomvu wa aina za zamani na kuugeuza ulimbo ndani ya kabureta. Uingereza ilipofanya petroli yenye ethanoli mpaka asilimia 10 kuwa ya kawaida, Septemba 2021, wenye pikipiki za kale wenye matangi hayo walilazimika kutafuta mafuta mengine au tangi lingine. Ethanoli pia hunywa maji, na maji yakizidi hujitenga na petroli pamoja na ethanoli hiyo na kuzama chini, palepale penye mshono.

Tupu ndilo la kuogopa

Tangi likivuja, mtu hulipeleka kwa fundi wa kuchomelea na kumtuliza: usiwe na wasiwasi, halina kitu. Lina kitu. Petroli kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi lililojaa lina mvuke mwingi na hewa kidogo. Lililomwagwa jana lina vyote viwili, na vikipata cheche ndani ya chuma kilichofungwa, huo ni mlipuko. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hautoki wenyewe kwa kuacha mdomo wazi juu. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuosha tangi na kuijaza nafasi yake kwa gesi isiyowaka, wala si ya kujaribiwa uani.

Jaribio la ndoo

Basi mtu achague vipi? Mama anayenunua chungu sokoni hakitazami tu. Anakipindua, anakigonga, anasikiliza. Tangi nalo lianzie kwenye tumbo. Pima upana wa mfereji wake dhidi ya mwamba wa fremu, ukikumbuka kwamba nyaya na koili ya umeme navyo hutafuta makazi humo. Kata boksi upate umbo lake, uliweke juu ya pikipiki, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto: uma usiguse, vidole visibanwe. Angalia nyuzi za tundu la koki, maana za Kimarekani na za Ulaya hazioani, na kulazimisha ni kununua uvujaji. Kama lina mifuko miwili mirefu na koki moja, uliza kama kuna mpira wa kuiunganisha kwa chini.

Mwisho, kabla ya rangi, lifunge lilivyo kwenye pikipiki iliyosimama kwa magurudumu yake. Mimina lita moja ya maji, fungua koki, kinga kwa ndoo, upime yaliyotoka. Ongeza lita nyingine, upime tena. Tofauti kati ya uliyomimina na uliyoyakinga ndiyo mafuta utakayoyabeba maisha yote bila kuyatumia. Likaushe vizuri kabisa, kisha amua.

Asiyefanya hivyo atafundishwa na barabara. Katika jangwa la California, kando ya chopa yenye tangi linalong'aa kuliko kioo, utamkuta mtu mzima ameshika usukani kwa mikono miwili, akiilaza mashine yake taratibu upande wa kushoto, akisikilizia mafuta yakivuka mfereji. Dereva wa kijiweni angemtambua mara moja.