Meno ya Utoto Yasidharauliwe

Je, mmepata kumtazama kinywani mtoto wenu wa miaka miwili? Wako watoto ambao meno yao manne ya mbele, ya juu, yamekuwa ya kahawia na kulika hata kubaki visiki. Ukiuliza, wazazi hujibu: “Si neno, ni meno ya utoto, yatang’oka yenyewe.”

Ni kweli yatang’oka, lakini lini? Meno ya mbele huanza kung’oka mtoto afikapo miaka 6 au 7. Basi aliyeozewa akiwa na miaka 2 aweza kuteseka miaka 4 au zaidi, hali vizuri wala halali. Tena usaha ukikaa kwenye mzizi waweza kuliharibu jino la ukubwa linalojengeka ndani ya ufizi.

Uozo huu hutoka wapi? Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa uchachu unaoyeyusha jino. Mtoto akilazwa na chupa ya chai ya sukari au maji ya matunda, meno yake huloweka humo usiku, na mate ya kuyasafisha hupungua alalapo. Meno ya chini hukingwa na ulimi. Ndiyo sababu ya juu hutangulia kuoza.

Dalili ya kwanza ni mstari mweupe kama chokaa kando ya ufizi. Hapo bado mwaweza kuuzuia uozo kwa mswaki na dawa ya meno yenye floraidi.

Tundu likitokea, msikate tamaa. Iko dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa bila sindano na kusimamisha uozo. Palipooza hugeuka peusi; msishtuke. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Njia nyingine ni kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, bila umeme, kisha kuziba tundu. Njia hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Jino lililolika sana, lakini mzizi wake ni mzima, daktari wa meno aweza kulijenga upya kwa kifuniko cheupe. Mzizi ukiwa umeoza, jino hung’olewa. Mtoto akivimba uso na kushikwa na homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Tangu jino la kwanza, mpigisheni mtoto mswaki laini asubuhi na usiku, kwa dawa kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka 3, kiasi cha punje ya njegere. Chupa ya usiku iwe ya maji matupu.

Watoto ni amana tuliyopewa na Mungu. Jumapili hii, mkitoka kanisani, mketisheni mtoto penye mwanga, mwinueni mdomo wa juu, mtazame. Mkiona alama, msingoje alie.