Hadithi Fupi Kati ya Fasihi Pendwa na Fasihi Dhati

Kwa muda mrefu wanafunzi wetu wamefundishwa kuigawa fasihi andishi ya Kiswahili katika mafungu mawili: fasihi pendwa na fasihi dhati. Ya kwanza huhusishwa na upelelezi, mapenzi, uhalifu na vitisho. Taharuki ndiyo nguzo yake na mwisho wake aghalabu hutabirika. Ya pili husemekana kuchimba maisha kwa undani. Mgawanyo huu unafaa kuanzia somo, lakini haufai kulimalizia.

Tuchukue mfano wa "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2016 uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote, kisha linaahidi kurudi kesho. Hapo msomaji analitambua zimwi la ngano, naye anasubiri kanuni ya ngano: zimwi liuawe, tumbo lipasuliwe, waliomezwa watoke wazima. Mwandishi anamnyima mwisho huo. Badala yake yanakuja matingatinga kubomoa vibanda vya wanyonge. Kumbe tumbo lisiloshiba ni la wakubwa wanaotamani ardhi ya maskini! Kwa hiyo kitisho hapa si pambo. Ndicho kinachobeba maana. Na kwa kuwa hadithi fupi haina nafasi ya maelezo marefu, kanuni inayojulikana humfaa mwandishi: msomaji huja nayo tayari kichwani.

Nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi aliniletea insha kuhusu hadithi ya mzuka. Nilimpa alama ndogo kwa sababu hadithi yenyewe "si fasihi dhati", kabla ya kuzipima hoja zake. Nilipoisoma tena nikaona kwamba, kama alivyoeleza, mzuka ule ulisimamia dhuluma ya shamba iliyofichwa na ukoo mzima. Alama niliisahihisha, aibu ilibaki.

Walimu wenzangu, tunaposoma hadithi za aina hii darasani tuulize maswali matatu. Mwandishi amefuata kanuni gani? Ameivunja wapi? Kuvunjwa huko kunatuambia nini? Mwanafunzi atakayeyajibu kwa ushahidi wa matini atakuwa ameielewa hadithi, hata akishindwa kuamua aiweke fungu gani.