Muthiga na vidonge: nani amepima?

Gome la muthiga huuzwa Nairobi kama dawa ya kikohozi na tumbo. Hapa Kware, mtaa wa Embakasi uliopata jina kutokana na machimbo ya mawe wala si yule ndege, limepata kazi nyingine: kupakwa kwenye vichwa vya watoto wa shule wenye mashilingi. Mzazi mmoja aliniuliza kama anaweza kulitumia pamoja na vidonge vya zahanati ili dawa hizo zisaidiane. Mwalimu aliyekuwa karibu alicheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Wataalamu wamelishughulikia swali hilo. Katika miaka ya 1970, Isao Kubo na Koji Nakanishi, wakishirikiana na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi, walichunguza kwa nini viwavijeshi husусia miti ya jamii ya muthiga. Humo wakakuta pia viambato vinavyoua kuvu. Mnamo 1988, Kubo na Makoto Taniguchi wakaeleza kwamba poligodiali, kiambato kimojawapo cha muthiga, hudhoofisha utando wa seli za hamira, hata dawa iliyokuwa ikishindwa kupenya ikapata njia.

Walimu wenzangu wa sayansi, tusishangilie upesi. Dawa iliyotumiwa katika jaribio hilo ni aktinomisini, dawa kali ya saratani ambayo hakuna daktari angempa mtoto kwa sababu ya mashilingi. Hamira iliyo katika chombo cha maabara haina ini, wala haina ngozi ya kuungua. Muthiga huwasha kama pilipili. Je, kichwa chenye vidonda? Tena kuvu ya mashilingi hujipenyeza ndani ya unywele wenyewe. Ndiyo sababu kupaka pekee hakutoshi, na daktari huagiza vidonge, kama vile griseofulvini, kwa majuma sita au zaidi. (Hiyo nayo ilitoka katika ukungu, mwaka 1939, kwa hiyo asidharau mtu viumbe vya porini.) Mchanganyiko uliothibitishwa ni wa kawaida kabisa: vidonge hivyo hufyonzwa vyema vikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Ninachohofia zaidi ni juma la tatu. Magamba yamepungua, mzazi anaweka vidonge kando, gome linapewa sifa zote, na mtoto anarudi darasani akiwa bado na kuvu kichwani.

Kwa hiyo ningependa wanafunzi wa sekondari wapewe zoezi hili: mtoto ametumia gome na vidonge, akapona. Ni kipi kilichomponya? Watagundua wenyewe kwamba wanahitaji sahani nne zenye kuvu: moja isiyotiwa kitu, moja ya gome, moja ya dawa, na moja ya vyote viwili. Kisha waulizwe ni mambo gani ambayo hata sahani hizo nne haziwezi kuwaambia.