Bibi Asiyetajwa

Hapa Jang'ombe, katika mitaa ya Ng'ambo ya mji wa Unguja, ukimwuliza mtu asili yake atakutajia upesi babu yake mzaa baba. Mwulize habari za bibi mzaa bibi: mara mazungumzo hugeuka, na chai huletwa.

Sababu ipo. Zamani, mtoto wa Mwarabu na suria wake alizaliwa huru, akafuata nasaba ya baba. Mama aliletwa mtumwa kutoka Nyasa au Manyema. Mwanawe akaitwa Mwarabu, wala hakudanganya. Lakini jina la mama likafutika. Huko Marekani mambo yalikuwa kinyume. Bibi mmoja Mweusi alitosha kumfanya mjukuu awe Mweusi, na mwenye ngozi nyeupe aliyetaka kupita kama Mzungu alilazimika kuwakimbia ndugu zake.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924, watu zaidi ya 33,000 wa Unguja na Pemba waliandikwa Waswahili. Mwaka 1931 walikuwa kama 2,000 tu. Hawakufa kwa tauni! Jina la Mswahili lilikuwa limenuka utumwa, nao wakajiandikisha kwa majina mengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iligawa chakula kwa kufuata taifa la mtu: mchele kwa Waarabu na Wahindi, mahindi kwa Waafrika. Baba mwenye watoto wenye njaa angejiita nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964 upepo ukageuka, na sasa babu wa Omani ndiye akafichwa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ametunga kitabu kinachogusa donda hili, Desertion, cha mwaka 2005. Mwaka 1899 Mwingereza mmoja anaokotwa hoi katika mji mdogo wa pwani. Anampenda Rehana, binti wa Mhindi na mama wa Mombasa, kisha anamwacha na kurudi kwao. Miaka sitini hivi baadaye, hapa Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wazazi wa Amin ni walimu, watu wa vitabu. Hata hivyo wanamkataza, kwa sababu ya bibi ambaye hawakupata kumwona. Amin anatii, na moyo wake haukupona. Mimi niliyepita chuo cha ualimu niliona haya nilipofika hapo.

Wala sisi Wakatoliki tusicheke. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja katika miaka ya 1860, na wengi wa Wakristo wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1868 misioni ikaenea hadi Bagamoyo. Ni nyumba ngapi zinazowasimulia watoto jambo hilo wakati wa chakula cha jioni?

Kitabu cha ubatizo kinataka jina la baba, la mama, la wasimamizi, mahali na siku. Nafasi ya rangi haimo. Baba mmoja aliwahi kuniomba niandike jina la ukoo wa mkewe "vizuri kidogo", lisikike la kipwani. Nilimgeukia mama, aliyekuwa amempakata mtoto. Akalitaja jina la baba yake, la bara, kwa sauti ya chini. Nikaliandika.