Je, Wajua? Miraa Hushindana na Saa

Je, wajua kwamba miraa ikishakatwa hubaki na thamani kwa takriban saa 48 tu? Kathinoni, kemikali inayomchangamsha mtafunaji, huanza kupungua nguvu kitawi kinaponyauka. Ndiyo maana wafungaji wa Meru huviringisha kila fungu kwa jani bichi la mgomba, unyevu usipotee. Ndiyo maana pia pikapu za Maua na Kangeta hukimbizwa usiku na mchana kuelekea Nairobi. Watu wamefia barabarani kwa mbio hizo, na hakuna bei ya soko inayofidia hilo.

Mti wenyewe hauna haraka. Huko Igembe, kwenye milima ya Nyambene, ipo miti mikongwe iitwayo mbaine. Iliachwa na mababu, na wajukuu bado wanaichuma.

Embu nao wana muguka, ndugu wa miraa, kichaka kifupi cha Mbeere kinachostahimili ukame unaoua mahindi. Miraa hutafunwa ganda laini la kitawi. Muguka hutafunwa jani.

Soko nalo hufungwa ghafla. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza 2014. Somalia ilizuia ndege za miraa ya Kenya Machi 2020, ikaziruhusu tena Julai 2022. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo, na magunia yakaendelea kuteremka pwani.