Mnakili na Mkaguzi Ndani ya Miili Yetu



Wanachama wanaofanya kazi penye masizi na moshi wa lami ya makaa ya mawe hutuuliza swali moja kila mara: mbona mwenzetu alifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuumwa, halafu saratani ikamtokea alipokwisha staafu? Ili tulijibu, hatuna budi kueleza kwanza jinsi mwili unavyojisahihisha.

Mwili umejengwa kwa chembe hai, yaani seli. Ndani ya karibu kila seli mna DNA, ambayo ni maagizo ya kazi zote za seli hiyo. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, na herufi zake hukaa jozi jozi: A na T, G na C. Seli ya binadamu ina jozi zipatazo bilioni 6, na kabla haijagawanyika lazima zote zinakiliwe.

Mnakili ni kimeng'enya kiitwacho DNA polimerasi. Arthur Kornberg wa Marekani, aliyekivumbua katika bakteria miaka ya 1950, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Mwaka 1985 wataalamu walichapisha umbo lake, nalo linafanana na mkono wa kulia: kina kiganja, vidole na dole gumba.

Kazi huenda hivi. Dole gumba huishika DNA isiteleze. Vidole hupokea herufi mpya na kuifumbata juu ya kiganja, mahali pa kuunga. Ikiwa herufi ni sahihi, jozi huwa na upana unaotakiwa, vidole hufunga barabara, na herufi huungwa. Ikiwa si yake, jozi hukaa upande, vidole havifungi sawasawa, na mara nyingi herufi hiyo huondoka. Huo ni ukaguzi wa kwanza. Kwa ukaguzi huo peke yake, kosa hupita kiasi cha mara 1 katika herufi 100,000. Ni kidogo kwa kutazama, lakini katika jozi bilioni 6 ni makumi ya maelfu ya makosa.

Ndiyo maana polimerasi zinazofanya sehemu kubwa ya kunakili zina mahali pa pili, pa kukata, palipo mbali kidogo na pale pa kuunga. Herufi isiyofaa ikiungwa, haiushiki uzi wa zamani vizuri. Kazi husimama, ncha ya uzi mpya hulegea na kuhamia mahali pa kukata. Herufi mbaya hukatwa, ncha hurudi kiganjani, na kazi huendelea. Ncha iliyo sahihi imeshikwa imara, kwa hiyo ni nadra kufika huko. Hivyo kosa lenyewe ndilo linalojipeleka kukatwa! Ukaguzi huu wa pili hupunguza makosa yapata mara 100. Baada ya hapo vimeng'enya vingine hupita kutafuta yaliyosalia.

Mwaka 2013 watafiti walieleza juu ya watu waliorithi hitilafu katika sehemu hiyo ya kukagua. Watu hao wana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya utumbo mpana.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mkaguzi huyu hulinganisha herufi mpya na ile ya zamani. Masizi na lami ya makaa ya mawe vina kemikali iitwayo benzopireni, ambayo ikiingia mwilini hugeuzwa na kunata kwenye herufi, hasa G. Hapo asili yenyewe imechafuka. Mkaguzi atalinganisha na nini? Mwili una mafundi wengine wa kuondoa uchafu huo, lakini hawaumalizi wote. Kosa likishapita katika nyuzi zote mbili, polimerasi hulinakili kwa uaminifu uleule. Yanahitajika makosa kadhaa katika ukoo mmoja wa seli ili saratani ianze, na hilo huchukua miaka. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza saratani ya mfuko wa korodani kwa wasafisha dohani, ambao wengi walianza kazi hiyo wakiwa watoto.

Wengi wetu tumepewa pakiti ya maziwa kuwa ndiyo kinga ya moshi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi kemikali iliyonata kwenye DNA. Kinga ni kuzuia moshi usitufikie.

Mkataba Na. 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unataka vitu viletavyo saratani kazini vibadilishwe kwa visivyo na madhara au vyenye madhara madogo, wanaovigusa na muda wao wa kuvigusa vipunguzwe, kumbukumbu ziwekwe, na wafanyakazi wapimwe wakiwa kazini na baada ya kuacha kazi. Maneno hayo ya mwisho, "baada ya kuacha kazi", kila tawi liyadai katika mkataba wake wa hali bora. Saratani haiangalii tarehe ya kustaafu.