Toleo, Sehemu au Rika? Juu ya Istilahi za Kulinganisha Michezo ya Mfululizo Mmoja

Kwa mzee wa Matema au wa Ipinda, neno misheni ni jina la mahali. Ni kanisa, shule, zahanati na miembe mikubwa, mambo yaliyoanza kuenea Unyakyusa tangu wamisionari wa Kimoravia na wale wa Berlin walipoingia huko mwaka 1891. Kwa mjukuu wake aliyeketi katika kibanda cha gemu mjini Kyela, misheni ni kazi ambayo mhusika wa mchezo hupewa na mkubwa wake, aghalabu kazi ya kuiba gari au ya kumwandama adui. Basi mzee akisikia kwamba kijana amemaliza misheni zote, hapana shaka atamshukuru Mungu.

Utata huo wa misheni hauna madhara, na wenyeji wa Bondeni, yaani nchi tambarare ya Kyela inayopakana na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, huucheka wenyewe. Katika makala haya tumekusudia kulizungumzia neno jingine ambalo utata wake hugharimu fedha. Neno hilo ni toleo.

Mwenye kibanda mmoja wa huko alitusimulia jinsi alivyodunduliza fedha za mpunga akanunua mashine ya PlayStation 4, na pamoja nayo diski aliyoambiwa kuwa ni toleo jipya la Grand Theft Auto. Aliwatangazia wateja wake habari hiyo juma zima. Siku ya kwanza tu vijana walitambua mji ule ule, wahusika wale wale watatu, na kisa kile kile walichokwisha kukimaliza katika mashine ya zamani. Ilikuwa ni Grand Theft Auto V ya mwaka 2013, iliyotolewa tena mwaka 2014 kwa ajili ya mashine mpya, ikiwa na picha safi zaidi. Baadhi ya vijana walidai fedha zao, naye akazirudisha. Je, muuzaji alimdanganya? Tunavyoona sisi, hakusema uongo. Lile lilikuwa toleo jipya kwa maana iliyo sahihi kabisa ya neno hilo. Mnunuzi naye hakuwa mjinga, kwa kuwa alilielewa neno kwa maana nyingine iliyo sahihi vilevile.

Chanzo cha mkanganyiko ni matumizi ya neno lenyewe katika kazi ya uchapaji. Kitabu kikichapwa upya baada ya masahihisho, twasema kuwa ni toleo la pili, na kitabu chabaki kuwa kile kile. Lakini jarida hili ulilonalo mkononi, ndugu msomaji, nalo ni toleo, na yaliyomo ndani yake hayakuwamo katika lile lililotangulia. Kwa hiyo neno moja hutaja kazi ile ile iliyorudiwa, tena hutaja kazi mpya katika mfuatano. Kwa vitabu na majarida hatupotei, kwa sababu kila mtu ajua tofauti ya kitabu na jarida. Katika gemu hakuna kinachomwonyesha msikilizaji ni maana ipi inayokusudiwa.

Yafaa tueleze kidogo mfululizo wenyewe, maana si wasomaji wetu wote wanaoujua. Grand Theft Auto ni mfululizo wa michezo ya video ya mapambano na mikasa. Ulianzia katika mji wa Dundee, Uskoti, mwaka 1997, katika kampuni iliyoitwa DMA Design, ambayo baadaye ilikuja kuwa tawi la Rockstar Games. Mchezaji humwongoza mhusika katika mji mzima, akaenda atakako na kuendesha gari alitakalo, na kila akitimiza kazi za wahalifu kisa husonga mbele. Gemu hizi ni za watu wazima, na majalada yake huko Ulaya na Marekani huonya hivyo. Tumewaona watoto wa shule ya msingi wakizicheza, jambo tusilolisifu, lakini hilo lina mahali pake.

Vijana hulinganisha gemu hizi bila kuchoka: ipi bora, ipi kubwa, ipi iliyorudi nyuma. Katika kulinganisha huko hutumia maneno manne kana kwamba yana maana moja, nayo ni toleo, sehemu, mwendelezo na nyongeza. Tumeyachunguza moja moja.

Sehemu ni kipande cha kitu kizima. Wapenzi wa filamu za Kitanzania wanalijua vema neno hili, kwa kuwa filamu nyingi ziliuzwa katika diski mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na aliyekosa ya pili alikosa mwisho wa kisa. Grand Theft Auto haijengwi hivyo. Vice City ya mwaka 2002 ina mhusika wake, mwanzo wake na mwisho wake. Asiyepata kuicheza gemu ya mwaka 2001 haikosi kitu cha lazima. Kusema sehemu ya tatu au sehemu ya tano ni kumwahidi mtu fungu la kisa ambacho hakikukatwa mafungu.

Mwendelezo ni neno zuri, ila lataka kisa kiendelee. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Grand Theft Auto III ilitoka mwaka 2001, na kisa chake ni cha wakati ule ule. Iliyofuata, Vice City, husimulia mambo ya mwaka 1986. San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, husimulia ya mwaka 1992. Liberty City Stories ya mwaka 2005 ni kisa cha 1998, na Vice City Stories ya mwaka 2006 ni kisa cha 1984. Ukizipanga kwa mwaka wa kutolewa, ile ya mwisho ndiyo ya kwanza kwa mwaka wa kisa, na ile ya kwanza ndiyo ya mwisho. Yule mhusika asiyesema neno katika gemu ya 2001 huonekana kwa kitambo katika San Andreas, kabla hajahamia Liberty City. Kwa uhusiano wa namna hiyo lugha yetu ina neno kitangulizi, na hatuoni sababu ya kuliacha likae bure. Msomaji aliyesoma riwaya za Elvis Musiba, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na ya 1980, ataona tofauti mara moja: pale Willy Gamba ni yule yule toka kitabu hadi kitabu, na mfululizo unashikwa na mtu. Katika Grand Theft Auto mtu hubadilika, na mfululizo unashikwa na majina ya miji na namna ya kucheza.

Nyongeza haihitaji maneno mengi. Mwaka 1999 ilitolewa diski ya London 1969, ambayo haikuweza kuchezwa na mtu asiyekuwa na diski ya gemu ya 1997. Hiyo ndiyo nyongeza: kitu kisichosimama peke yake. Vice City yenyewe ilikusudiwa hapo mwanzo kuwa nyongeza ya ile ya 2001, kisha ikakua hata ikawa gemu kamili.

Tukirudi kwenye toleo, twaona kwamba linafaa kabisa likibanwa katika maana ya kwanza ya kitabu. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba San Andreas ilikuwa na mambo ya uasherati yaliyofichwa ndani; gemu ikapandishwa daraja la umri, na watengenezaji wakatoa diski nyingine yasimokuwamo mambo hayo. Hilo ni toleo la pili la San Andreas. Mwaka 2013 San Andreas iyo hiyo ilitolewa kwa simu za mkononi, nalo ni toleo jingine. Mwaka 2021 gemu za 2001, 2002 na 2004 zilitolewa tena pamoja zikiwa zimepambwa upya. Hayo ni matoleo matatu katika furushi moja, na hakuna hata gemu moja mpya ndani yake. Grand Theft Auto V nayo ina toleo la 2013, la 2014, la kompyuta la 2015 na la mashine za kizazi kipya la 2022.

Limebaki pengo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Watu hulinganisha San Andreas ya 2004 na Grand Theft Auto IV ya 2008, wakahukumu kwamba ile ya pili ilirudi nyuma. Husema kwamba Carl Johnson wa San Andreas alirusha ndege, alinenepa akila na kukakamaa misuli akifanya mazoezi, tena alikuwa na nchi yenye miji mitatu, mashamba na jangwa. Niko Bellic wa 2008 alipewa mji mmoja, na ndege za kurusha hana ila helikopta. Hayo ni kweli. Hata hivyo Liberty City ya 2008 si ile ya 2001. Jina ni moja, lakini mitaa ni mingine, na wahusika wa awali hawamo. Watengenezaji walianza upya: magari yakawa na uzito, na mtu akigongwa aliyumba na kuanguka kama mtu. Namna hiyo hiyo San Andreas lilikuwa jina la mji mmoja tu katika gemu ya 1997, kisha mwaka 2004 likawa jina la jimbo zima. Kwa hiyo kuna makundi matatu: gemu za 1997 na 1999, zilizotazamwa kutoka juu kama mwewe atazamavyo vifaranga, za 2001 hadi 2006, na zile za 2008 na kuendelea. Ndani ya kundi moja, gemu huchangia mitaa, watu na historia. Baina ya makundi huchangia majina tu.

Makundi haya tuyaiteje? Wengine hupendekeza kizazi, lakini neno hilo limekwisha kuzoewa kwa mashine, na mashine na gemu haziendi sambamba. Sisi twapendekeza rika. Wenyeji wa Bondeni watatuelewa kabla ya wengine, maana zamani Wanyakyusa waliishi kwa marika. Vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakaa humo pamoja hata walipooa. Wakati wao ulipowadia ilifanyika sherehe ya ubusoka, wana wakakabidhiwa nchi na wazee wakasogea pembeni. Bi Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe katika miaka ya 1930, aliyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1951. Nchi ilikuwa ile ile, ila vijiji na wakuu wake walikuwa wapya. Liberty City ya 2008 ni kijiji cha rika jipya katika nchi yenye jina la zamani.

Tukiwa na neno hili, ulinganishi huwa wa haki. Chukua jambo la kuogelea, ambalo watoto wa pwani ya ziwa hawawezi kulisamehe. Katika gemu ya 2001 mhusika akitumbukia katika maji ya kina hufa. Tommy Vercetti wa Vice City, mkazi wa mji wa ufukweni mwenye jumba kubwa, naye hufa majini. Carl Johnson wa 2004 huogelea na kupiga mbizi. Hapo mtu aweza kusema kwamba rika limepiga hatua, kwa kuwa analinganisha ndugu. Tena ataona kwamba hatua hiyo haikwenda moja kwa moja: Toni wa Liberty City Stories, iliyotengenezwa kwa mashine ndogo ya mkononi, hajui kuogelea tena, na Vic wa mwaka uliofuata huogelea kwa muda mfupi tu kabla nguvu hazijamwishia. Mashine ilikuwa nyingine, rika lilikuwa moja. Kwa upande mwingine, kumpima Niko kwa Carl ni kumpima mzaliwa wa kwanza wa rika jipya kwa mtu mzima wa rika lililotangulia. Kupima huko kwaruhusiwa, lakini mpimaji na aseme kwamba ndivyo afanyavyo.

Tumeulizwa kwa nini tunaandika gemu, na neno mchezo lipo. Jibu letu ni kwamba mchezo umebebeshwa mengi mno. Ni mechi ya mpira, ni tamthilia, na kwa akina mama wa sokoni ni upatu wa kupokezana fedha. Mchezo wa video ubaki kuwa jina la aina, na gemu iwe jina la kazi moja moja: gemu ya 2004, gemu ya 2008. Kuhusu misheni, tungependelea kazi, kwa kuwa ndivyo wakubwa wa wahalifu wanavyowaambia watu wao. Lakini hatutagombana na vijana kwa hilo.

Mwenye kibanda tuliyemtaja amekwisha kubadili ubao wake. Tulipopita mara ya mwisho ulikuwa umeandikwa kwa chaki: GTA V, gemu ya 2013, toleo la 2014, kisa ni kile kile. Neno rika hakuliandika. Alisema atangoja kwanza mteja aliulizie.